Nukta ya Shavu la Kushoto

Jumamosi, 6 Mei 1972

Mvua tangu alfajiri. Mwalimu Mohamedi kaja na mwavuli uliovunjika mbavu mbili, kanirudishia picha zake nne za kitambulisho. Kaziweka mezani moja moja kama anayegawa karata. Anasema aliingia kwangu hana chunusi, katoka nayo. Na nyeupe! Shavu la kushoto, chini ya jicho, kama punje ya wali iliyomgandia baada ya chakula cha mchana. Nikamwambia labda ni nuru ya elimu. Hakucheka. Walimu hawa!

Nikaiziba kwa wino na brashi, akaondoka ananung'unika. Nikapekua kopi za wiki nzima. Karani wa boma — nukta. Bi Mgeni wa vitumbua — nukta. Mtoto aliyepigwa picha analia — nukta, tena juu ya chozi. Wote shavu la kushoto!

Sihaba kachungulia begani kwangu. "Baba Mize, umeuambukiza mji." Miaka ishirini na sita ya ndoa na maneno hayajamwishia mke huyu.

Jumatatu, 8 Mei

Nimempeleleza mwizi wangu. Nilishuku lenzi ya kamera — nikaifuta, wapi. Nikashuku filamu. Nikashuku karatasi. Mwisho nikachukua negativu ya Mwalimu Mohamedi, nikaigeuza upande ndani ya mashine ya kukuzia. Uso wake ukageuka, njia ya nywele ikahamia upande wa pili. Nukta haikuhama! Ipo palepale, kushoto, imetulia kama mwenye nyumba. Basi haimo usoni mwa mwalimu wala haimo kwenye negativu.

Nikaitoa negativu kabisa, nikawasha taa juu ya karatasi tupu. Imetoka nyeusi tii, na nukta moja nyeupe inanitazama.

Ni kile kioo kinacholalia negativu. Ukungu wa masika umekila, kimebonyea kama uso wa aliyeugua ndui. Nimekifuta kwa spiriti, kwa majivu, kwa dawa ya meno. Sihaba anauliza nani kamaliza dawa ya meno.

Na kwa nini shavu la kila mtu? Kwa sababu kila mtu namkalisha kiti kilekile, kichwa palepale, kidevu hivi, mabega vile. Miaka kumi na tisa mtindo mmoja. Leo mtindo umeniumbua.

Jumatano, 10 Mei

Dereva wa basi niliyemwagiza kioo kipya kanirudishia jibu kutoka Dar: vioo vya namna ile havipo, labda mwezi ujao meli ikija. Labda.

Nimebuni dawa ya kupitisha siku. Nimekata kadi ngumu saizi ya picha, nikatoboa tundu mahali pa nukta. Naiweka kadi juu ya kopi, tundu linanionyesha pa kugusa. Rangi naiazima kwa ngozi ya pembeni — natazama ilivyo juu, chini, kulia, kushoto, nachanganya wino hadi ufanane. Tone moja. Mtu hajui palikuwa na nini.

Nimejisifu kidogo. Hakuna mwingine wa kunisifu.

Jumanne, 16 Mei

Nimekuwa mwepesi kuliko fundi cherehani. Kadi, tundu, tone. Kadi, tundu, tone. Jana kopi arobaini kabla ya adhuhuri.

Leo sokoni kijana kanisalimu kwa adabu, shikamoo mzee, ahsante kwa picha, mama kaipenda sana. Simjui! Nimempiga picha, nimemsafisha, nimemziba shavu, na sijapata kumwona. Nikajibu marahaba mwanangu, msalimie mama. Huyo mama naye simjui.

Sihaba anasema ninunue miwani. Nimemwambia miwani ni ya wazee.

Ijumaa, 19 Mei

Baada ya sala kaja Rajabu na binti yake Mardhiya. Rajabu sahibu yangu tangu chuo cha Kurani, tulichapwa bakora na mwalimu mmoja. Sasa anauza kamba na misumari, nami nauza nyuso. Mkewe alifariki, kabaki na binti huyu mmoja.

Posa imetoka Pangani! Kijana anaitwa Saleh, mama yake Bi Khairat. Mama anataka kumwona mchumba kabla ya kutoa neno, lakini njia ya Mkange na Saadani imekatika kwa mvua, na kuzunguka Chalinze ni safari ya kuvunja kiuno. Basi ipelekwe picha.

Nilimkalisha Mardhiya. Akaomba maji. Akalowesha ncha ya kanga, akajifuta uso wote, poda yote ikatoka. "Ami, nipige nilivyo. Usinipendezeshe." Nikamwambia, mwanangu, wewe hata nikikuharibu utaharibika vizuri. Akacheka kidogo. Rajabu akakohoa, akaenda kusimama mlangoni, kisogo ndani, anatazama mvua.

Kwenye kioo cha kamera hii watu wote wako kichwa chini miguu juu. Nimezoea. Nikabonyeza.

Jumamosi, 20 Mei

Nimesafisha picha ya Mardhiya. Mzuri, mashallah, macho ya marehemu mama yake.

Lakini nukta ya leo imenona! Jana punje ya mchele, leo dengu. Kile kioo kinazidi kuliwa. Tundu la kadi halikutosha, ikabidi nilipanue kwa ncha ya mkasi. Nikakaa na brashi karibu nusu saa, tone juu ya tone, mpaka shavu likawa kama halijaguswa na mtu. Kazi yangu nzuri ya mwaka huu, naiandika hapa kwa kuwa haiandikiki pengine.

Rajabu kaja kuchukua. Hakuifungua bahasha. Kaipenyeza ndani ya koti, kaenda nayo moja kwa moja posta. Nikamwita: huangalii? Kapunga mkono bila kugeuka.

Jumapili, 28 Mei

Jibu! Rajabu kaja anakimbia, na tumbo lile. Barua ya Bi Khairat ni mistari miwili, kaisoma mara tatu kwa sauti: "Tumemwona na tumeridhika. Tupeni siku." Kaniletea halua sahani nzima. Akalia, akajifuta machozi kwa kofia. Anasema sikujua, Miki, sikujua kama watu wa namna hii bado wapo.

Nikadhani ni machozi ya baba. Nikala halua.

Jumatatu, 12 Juni

Kioo kimekuja. Dereva kakifunga ndani ya gazeti na kanga ya mkewe. Kipya, safi, kama hakipo. Nilichapa karatasi tupu — nyeusi pande zote, hakuna nyota! Nikapiga kofi peke yangu humu ndani.

Kazi ya kwanza ya heshima: kopi kubwa ya Mardhiya, Rajabu anataka kuitundika ukumbini. Nikaweka negativu, nikawasha, nikatia karatasi kwenye dawa. Uso ukaja taratibu, macho, pua, mdomo. Na nukta.

Nikamtukana muuza vioo wa Dar na ukoo wake. Halafu mkono wenyewe, kwa mazoea, ukaigeuza negativu upande. Nikachapa tena.

Nukta imehama. Imekwenda shavu la pili. Pamoja na uso.

Nikachukua lenzi ya kukuzia, nikaitazama negativu penye taa. Ipo. Si kioo. Si ukungu. Iko kwenye ngozi yake yule mtoto, ilikuwapo siku ile alipokaa mbele yangu na kujifuta poda ili nione.

Na mimi nilichukua mkasi nikapanua tundu.

Jumanne, 13 Juni

Sikufungua. Nimesema tumbo. Mwalimu Mohamedi kagonga, kapiga kelele mlangoni kwamba wenye chunusi wako wengi leo.

Jumatano, 14 Juni

Kaja mwenyewe. Mardhiya. Ijumaa anatiwa ndani, hatoki tena mpaka harusi, kwa hiyo kaja kuuliza kopi ya ukumbini. Shikamoo ami. Marahaba. Kasimama penye mwanga wa mlango na hana poda hata chembe. Alama iko pale, nyeupe, kama dengu kweli. Mtu asiyeiona ni kipofu au mpiga picha.

Nikasema — sijui kwa nini nilisema — siku hizi hupaki poda. Akaishika ile alama kwa kidole, bila haya. Anasema tangu barua ya Pangani hapaki. Alikuwa akilala anawaza: watanirudisha, watanirudisha siku ya kwanza, baba atakufa kwa aibu. Ndiyo maana akataka picha iseme, maana yeye mdomo wake haukuweza. "Sasa wameniona, ami. Wameniona nayo, wakasema wameridhika. Nalala hadi jua linanichoma."

Ilikuwa zamu yangu kusema. Nilikuwa nimesimama, nina mdomo, nina ulimi.

Nikamwambia kioo bado hakijaja.

Akanishukuru! Akasema mkono wangu una kheri. Kaondoka anapepea kanga yake, na mimi nikarudi kukaa kwenye kiti cha wateja, palepale ninapowakalisha, nikatazama kamera. Nashukuru haikuwa na filamu.

Ijumaa, 16 Juni

Nimemwambia Sihaba. Nilianza mbali sana, nikaanzia kwenye ukungu wa masika. Kanikatiza: "Baba Mize, umefanya nini?" Nikasema.

Kasema mbalanga ya Mardhiya mji mzima wa wanawake unaijua tangu mwaka jana. Kapelekwa hospitali, wamesema haiambukizi, haiumi, huenda ikakua na huenda isikue. Wanawake wote wanajua! "Ila wewe uliyemtazama kwa mashine."

Nikajitetea kwamba picha zote zilikuwa na nukta. Anasema basi hiyo ndiyo nukta moja uliyotakiwa kuiacha.

Anasema niende kwa Rajabu. Harusi Ijumaa ijayo.

Jumamosi, 17 Juni

Nilimkuta dukani anampimia kamba mtu wa Makurunge. Nikangoja mteja aondoke. Nikasema yote bila kuanzia kwenye ukungu.

Rajabu kaendelea kuikunja kamba, kiwiko na kidole gumba, kiwiko na kidole gumba, mpaka ikaisha. Akakaa juu ya gunia la misumari.

"Kumbe hawakumwona," kasema.

Kisha: "Nilidhani kuna watu, Miki."

Ningependa angenipiga. Tungelingana, mimi mzito, yeye mzito zaidi, wateja wangecheka, yangekwisha. Badala yake kanivuta karibu, kaanza kunong'ona. Ninyamaze. Wageni wanafika Alhamisi, nikahi Ijumaa, kadi zimekwenda, ng'ombe keshapatikana. Akishaolewa watazoea. Poda ipo. Mardhiya asijue, akijua atajitia wazimu wa kusema. Na picha za harusi nizipige mimi, nizitengeneze vilevile kama ile ya kwanza. "Mkono uleule," anasema, na ananishika mkono wenyewe.

Rafiki yangu anayesali safu ya mbele, miaka hamsini tunajuana, sijapata kumwona na macho yale. Kuficha nimemfundisha mimi. Wiki moja nyuma alikuwa baba mkweli mwenye raha. Leo kabeba siri ambayo ni yangu.

Nikasema inshallah. Inshallah ya woga, ile ya kumkwepa mtu.

Jumatatu, 19 Juni

Nimekata shauri jana nikiwa natawadha: mwenye haki ya kujua wa kwanza ni Mardhiya. Nikavaa kanzu, nikaenda. Nilisahau — mzee mzima! — kwamba mwali yuko ndani. Uani wanawake wanasaga liwa ya kumpaka, somo wake Bi Mina, anayemfunda, kakaa mlangoni kama askari wa boma. Kanitazama juu hadi chini. "Mwanamume unataka nini huku? Au na wewe unasingwa liwa?" Wote wakaangua kicheko. Nikasema nimepotea njia. Nyumba niliyoizoea tangu utoto!

Nikarudi, nikachapa picha ya Mardhiya upya, kwa kioo kipya, bila kadi, bila brashi. Nikaianika. Nikamwomba Sihaba aingie yeye, amwambie. Kakataa mara mbili: mkono wako ulifuta, mdomo wangu ndio uende? Mara ya tatu kavaa buibui lake.

Karudi baada ya alasiri. Nimemlazimisha anieleze neno kwa neno. Anasema alimkuta kapakwa liwa uso mzima, hata alama haionekani. Akamnong'oneza. Liwa ikaanza kupasuka usoni mwa Mardhiya. Halafu kauliza: "Sasa walimwona nani?"

Hakulia. Sihaba anasema afadhali angelia. Kauliza kama baba yake anajua. Sihaba kasema anajua. Hapo ndipo akafumba macho.

Mwisho kasema: mwambie ami picha asiniletee mimi, mimi najijua. Ampe Bi Khairat, kabla hajavuka kizingiti chetu. Ampe kwa mkono wake na aseme kwa mdomo wake alichofanya. Wakitaka kurudi, warudi na nauli ya baba, si na mimi. Na baba asiambiwe mpaka iwe imekwisha.

Jumatano, 21 Juni

Najifunza maneno. "Mama, kuna kosa la kifundi." Hapana — hilo ni la mwoga. "Mama, kioo changu kilikuwa kibovu." Kweli, lakini uongo. "Mama, nilimfuta." Hilo ndilo. Nimelisema mara kumi mbele ya kiti kitupu. Mara ya kumi Mwalimu Mohamedi kaingia, kauliza nani kafutwa, kama ni kazi. Nikamwambia ni shairi.

Alhamisi, 22 Juni

Saa nne na ushee. Naandika nimesimama. Daftari hili hukaa humu chumba cha giza, ndani ya sanduku la karatasi, na taa nyekundu inatosha.

Wamefika. Walilala Chalinze. Sihaba aliwapokea stendi. Wanaume kawaelekeza msikitini, Bi Khairat kamleta kwangu apumzike, anywe maji, kabla ya kwenda kwa Rajabu. Hivyo ndivyo walivyopanga wao, wanawake. Mimi nilipangwa tu.

Nilitegemea mama mkali. Laiti angekuwa mkali! Mfupi, mnene, anacheka na mabega. Kavua viatu mlangoni, kakaa kwenye kiti cha wateja bila kuambiwa. "Wewe ndiye fundi? Ngoja nikushike mkono." Kanishika. Anasema picha yangu imekaa chini ya mto wake wiki nne, Pangani nzima imeiona, hata muuza samaki kaonyeshwa. Saleh kamkataza isichakae, naye kamwambia nenda zako, mkwe ni wangu. Akafungua mkoba, akaitoa. Ileile. Pembe zimelainika kwa kushikwashikwa. Kidole gumba chake kiko juu ya shavu, kinalipapasa, palepale.

Kasema, "Mkeo ananiambia una amana yangu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Neno lilikuwa moja tu. Sihaba alikuwa nyuma yake, ananitazama bila kupepesa.

Wakati uleule nje kapita Rajabu, kanzu mpya, kofia mpya, anaharakisha kwenda kupokea wageni stendi, hajui wameshafika. Katazama ndani. Kamwona Bi Khairat kitini, kaniona mimi, kasimama katikati ya njia. Hakuingia. Kaweka kidole mdomoni, kama tulivyokuwa tukifanya chuoni mwalimu akiuliza nani kacheka.

Nikasema, mama, naileta, iko ndani. Nikaingia humu, nikafunga mlango.

Picha iko katika mkono wangu wa kushoto. Mzuri, mashallah, na dengu yake. Kwenye meza kuna wino, kuna brashi, kuna maji. Sijavigusa. Naandika kwamba sijavigusa.

Namsikia Sihaba kule nje anamimina maji, anamuuliza Bi Khairat habari za njia. Bi Khairat anajibu, anacheka. Kisha nyayo, taratibu, zinakuja hadi mlangoni, na kucha inagonga ubao.

"Bwana Mikidadi! Kumbe picha yenyewe haijakauka?"

"Bado kidogo, mama."

Imekauka tangu Jumatatu.